Tulilivua Daraja Soksi

Niliulizwa. Kwa muda mrefu nimesema kwamba hakuna aliyeniuliza, na kwamba kama mtu angeuliza ningemjibu vizuri, maana mambo hayo niliyasomea. Nimewaambia hivyo wazee wa kanisa, majirani, dada yangu, na kioo cha bafuni. Ni uongo. Niliulizwa mara mbili, mchana kweupe, mbele ya watu, na mara zote mbili nilijibu kwa mzaha.

Jina langu halitaonekana hapa. Majina mengine nimeyabadilisha, isipokuwa moja, la marehemu, na kwa nini nimeliacha mtajua mwishoni. Baadhi yenu huenda mkanitambua. Nimewahi kuandika makala katika kurasa kama hizi, zikiwa na picha yangu ndogo iliyopigwa wakati bado nina kiuno, nikiwakejeli watu wanaotupa taka mitaroni halafu wanalia mafuriko yakija. Nilikuwa na maneno makali sana kuhusu watu wa aina hiyo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilizaliwa Makongeni, katika nyumba za reli, na sasa ninaishi Kware, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo ukifungua dirisha la jikoni unaweza kumpa chumvi jirani wa jengo la pili bila kunyoosha mkono. Dirisha la sebuleni linatazama mto. Juu ya mto lilikuwepo daraja la barabara kuu. Katikati yalipita malori, na pembeni, kwenye njia ya miguu, walipita watu wanaokwenda kutafuta kibarua viwandani.

Daraja lilikuwa na nguzo mbili zilizosimama majini, moja upande wetu na nyingine upande wa ng'ambo. Wajenzi walikuwa wamezungushia miguu ya nguzo hizo masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Watoto wa mtaa waliyaita soksi za daraja. Jina hilo lilinifurahisha hata nikalitumia darasani. Nilichora nguzo ubaoni, nikachora mto uliofura, nikawaeleza wanafunzi kwamba maji yakigonga nguzo hayapiti tu pembeni. Sehemu yake huteremka mguuni, huzunguka, huchimba, na kubeba udongo uliobeba msingi. Ndiyo sababu daraja huvalishwa soksi, nikawaambia. Bila soksi, zege linaweza kuwa zima kabisa na bado daraja likaanguka, kwa kuwa limebaki limesimama juu ya shimo.

Niliyasema hayo mwenyewe, kwa chaki. Sasa nitawaeleza jinsi nilivyoyasahau.

Kanisa letu lilikuwa la mabati. Mvua ikinyesha, pasta alihubiri kwa ishara. Tulipopata kipande cha ardhi karibu na mto tukaunda kamati ya ujenzi, na mimi, kwa kuwa najua kuongea, nikafanywa katibu. Tukaamua tuwe na siku ya mawe, kama walivyofanya wazazi wetu kule Magharibi na kule Kati. Kila nyumba ilete jiwe lake, liwekwe kwenye msingi, na mtu aweze kuwaambia wajukuu wake: pale chini kuna letu. Ni desturi nzuri sana mahali penye mawe.

Kware hakuna mawe. Kuna zege, matope na wapangaji. Mpangaji wa ghorofa ya sita atoe jiwe wapi? Jumapili ya kwanza watu walileta nusu tofali, vipande vya vigae, na bamba moja la zege ambalo nina hakika lilikuwa limefunika mtaro mahali fulani. Mama mmoja alileta jiwe lililokuwa likizuia mlango wake usigonge ukutani. Mzee mmoja alileta betri kuukuu ya lori. Alipoulizwa, akasema, "Mlitaka kitu kizito, si ndiyo?" Tulipanga vyote kwenye mtaro wa msingi, na mtaro ukabaki wazi kama kinywa.

Baada ya ibada tukashuka mtoni, wanakamati wachache, kupunga upepo na kulalamika. Pale chini ya daraja, upande wetu, tukakuta sanduku moja limekatwa kona. Mtu alikuwa ametoa waya, nadhani wa kujengea kizimba cha kuku, na mawe kadhaa yalikuwa yamemwagika. Mawe mazuri, magumu, yenye ukubwa wa kushikika kwa mikono miwili. Watu wakanitazama. Hiyo ndiyo shida ya kuwa mtu anayejua kuongea.

"Mnalia nini," nikasema, "na Bwana ameshatuandalia?"

Tulikuwa na Wafula. Aliimba besi kwenye kwaya, alikuwa kibarua katika kiwanda ng'ambo ya mto, na wikendi alitengeneza malango na vizimba, kwa hiyo plaisi ya kukatia waya ilikaa mfukoni mwake muda wote kama wengine wanavyobeba leso. Mkewe, Mama Nekesa, alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukisukwa nywele na mtu mmoja, na mtoto wake Nekesa nilimfundisha Sunday school.

Wafula akachuchumaa. Akaupapasa waya, kisha akainua macho akaitazama nguzo hadi juu.

"Mwalimu, haya mawe si ndiyo yanashikilia daraja?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza.

"Daraja linashikiliwa na zege na vyuma, Baba Nekesa," nikamwambia. "Haya ni urembo, kama maua wanayopanda katikati ya barabara."

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa kamati akasema, "Wafula, kata bana, ama tukuitie injinia?" Wafula naye akacheka, ingawa alikuwa wa mwisho. Tukakubaliana kurudi Jumamosi na kanisa zima.

Jumamosi walikuja wengi, na mabuti, na nyimbo. Wanaume walisimama mtoni, akina mama tukapanga mstari kutoka ukingoni hadi kwenye ploti ya kanisa. Wafula alikuwa chini pale na plaisi mkononi. Kabla ya kukata waya wa kwanza akanyanyua uso, akanitafuta katika mstari.

"Mwalimu, una hakika? Maana mimi hupita hapo juu kila siku."

Hilo lilikuwa la pili. Niseme ukweli wote: wakati ule ule nilikumbuka ubao. Nilikumbuka pia baba yangu, mtu wa reli, aliyekuwa akisimulia jinsi walivyotumwa kabla ya mvua kwenda kumwaga mawe kwenye miguu ya madaraja. Mambo hayo mawili yalinijia pamoja, yakasimama kama watu wawili mlangoni. Lakini kanisa zima lilikuwa likinitazama, pasta alikuwa amekunja suruali, mtaro wa msingi ulikuwa wazi, na mimi ndiye niliyesema Bwana ameandaa. Nikawafungia mlango.

"Mimi nilisomea mito, Baba Nekesa," nikasema. "Wewe ulisomea nini?"

"Nilisomea kukata waya," akasema, akakata.

Watu walicheka sana. Mawe yakaanza kupanda, mkono kwa mkono, kwa wimbo. Kufikia saa ya chai nguzo ya upande wetu ilikuwa tupu. Ya ng'ambo hatukuigusa, kwa sababu huko kulikuwa na bomba la maji taka lililopasuka na hakuna aliyekuwa tayari kuimba kwenye harufu ile. Nguzo ile iliokolewa na kinyesi. Nimeifikiria sana sentensi hiyo na sijapata njia ya heshima zaidi ya kuiandika.

Mvua za vuli zikaja. Mto ukafura, nami nikasimama dirishani nikiwa nimeshika pazia. Maji yakapungua, daraja likabaki pale pale. Nikashuka kutazama. Mguu wa nguzo ulikuwa umezungukwa na tope laini, limejaa vizuri kama uji kwenye bakuli. Nikafurahi. Nikamwambia Wafula baada ya ibada, "Unaona? Daraja lako lipo." Akasema, "Ni la serikali, Mwalimu, langu ni la kuvuka tu."

Tope lile ndilo lililonidanganya, au tuseme nililiomba linidanganye. Mafuriko yanapokuwa makali huchimba, na yanapotulia huacha tope na kulifunika shimo. Ukija baadaye unaona sakafu. Hilo pia niliwahi kulifundisha.

Kisha ikaja masika. Ilinyesha mpaka nguo zetu zikaoza kwenye kamba. Mto ulipanda ukawa na rangi ya chai ya maziwa, ukibeba magodoro, matairi na paa zima la choo. Asubuhi moja, watu wakienda kazini, nilikuwa dirishani nikipiga mswaki. Nilitarajia kwamba daraja likianguka litapiga kelele. Halikupiga. Nguzo ya upande wetu ilishuka tu, polepole, kama mtu anayekaa chini akiwa amechoka, na barabara iliyo juu yake ikakunjika. Malori yalikuwa yamesimama mbali kwa sababu madereva waliogopa maji. Watu wa miguu hawakuwa wamesimama. Kibarua hakingoji maji.

Wafula alikuwa kati yao. Aliyekuwa nyuma yake alinusurika kwa kushika chuma cha pembeni. Alisema Wafula alikuwa akimwambia mtu jambo la kuchekesha.

Walimpata baada ya mto kupungua, mbali kule chini, kwenye matope. Mama Nekesa alimtambua kwa akala zake, viatu vya tairi. Wafula alikuwa amezinunua sokoni Kariokor, na moja ilipokatika mkanda aliishona kwa kipande cha waya wenye ngozi ya plastiki ya kijani. Ulikuwa waya wa soksi. Nilikuwa nimesimama kando yake alipougusa, nami niliujua waya ule kabla yake.

Sasa kosa langu la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza.

Watu wa mamlaka ya barabara walikuja kuuliza. Walikuwa wameona kwamba nguzo moja ina mawe na nyingine haina, na hapo karibu kanisa jipya lina msingi wa mawe kama yale yale. Wazee wa kanisa walijawa na hofu. Walisema kanisa litavunjwa. Walipoketi na wale wageni, mmoja akauliza, "Nani alitoa mawe?" Pasta akaniangalia. Tena ni mimi, anayejua kuongea.

"Kulikuwa na ndugu yetu mmoja aliyekuwa na plaisi," nikasema. "Hata alikutwa na waya mguuni. Sisi tulipokea tu. Ni marehemu sasa."

"Anaitwaje?"

Nikalitaja jina. Nikatamka na herufi zake, moja moja, ili waandike bila kukosea.

Wageni walifunga mafaili yao, maana marehemu hafikishwi popote. Kanisa halikuvunjwa. Lakini maneno yalitoka pale yakazunguka mtaa. Wazee wakasema si vizuri jeneza liingie kanisani, watu watasema kanisa linamtetea. Ibada ya kumuaga ikafanyiwa chini ya hema, njiani, kati ya maghorofa, huku wapangaji wakichungulia kutoka juu na mtu akiwa amesahau kuzima redio. Mtu aliyebeba mawe mengi ya msingi kuliko sisi sote hakuruhusiwa kupita juu yake. Mimi nilisoma somo la Biblia. Sauti yangu ilikuwa nzuri, niliambiwa.

Shuleni watoto walimwita Nekesa binti wa mwizi wa daraja. Najua kwa sababu ni shule ninayofundisha. Niliwakemea waliosema hivyo, nikawapa adhabu ya kufagia, nikajiona mtu wa haki. Kabla muhula haujaisha Mama Nekesa alifunga vyombo, akawachukua watoto, akarudi Bungoma kukaa na baba mkwe. Alikuja kuniaga. Alinitazama kwa muda mrefu mlangoni, akasema, "Haya, Mwalimu." Nilijiambia ni huzuni.

Kwa muda nilishikilia tumaini moja, nalo ni tumaini la aibu: kwamba daraja lingeanguka tu, mawe yawepo au yasiwepo. Nina rafiki tuliyesoma naye chuo kikuu, yeye akaendelea na uhandisi. Nilimwita aje atazame, nikimwambia ninaandika makala. Tukasimama ukingoni. Maji yalikuwa madogo, yamejaa haya.

"Hii haikuvunjika," akasema, akionyesha nguzo yetu iliyoinama. "Hebu tazama zege, halina hata ufa. Imezama. Msingi wake haukufika kwenye mwamba, ulikaa juu ya udongo, na udongo umeliwa."

"Lakini mafuriko yalikuwa makubwa," nikasema. "Hata mawe yangekuwepo, huenda…"

Alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo. Nguzo ya pili ilikuwa imesimama wima, na soksi zake miguuni, bomba la maji taka likimwaga kando yake kama kawaida.

"Mto ni ule ule," akasema. "Mafuriko ni yale yale. Mkandarasi ni mmoja. Unataka uthibitisho gani mwingine? Na makala yako inatoka lini?"

Nilimwambia bado naitengeneza. Hiyo makala ndiyo hii.

Mmeniuliza, au ningependa kudhani mngeniuliza, kosa hili limenigharimu nini. Ukilinganisha na walichopoteza wengine, kidogo mno. Siandiki tena dhidi ya watu wa taka. Darasani, nikifika kwenye somo la mito, nawapa wanafunzi wasome wenyewe kimya kimya. Sunday school nimeiacha. Bado ninakwenda kanisani, kwa kuwa nikiacha watauliza, na kila Jumapili ninakaa juu ya yale mawe. Kanisa ni imara sana. Masika iliyofuata ukuta haukupata hata ufa, na pasta alishukuru kwa hilo kwenye maombi, na watu wakasema amina, na mimi nikasema.

Nilipokwenda kwa pasta kumwambia kwamba nitasema ukweli, alivuta kiti karibu akaniambia kwa upole, "Dada, kwa nini umtese mjane kwa kumkumbusha? Yule ameshapumzika." Alisema kwa upole kiasi kwamba karibu nikubali. Namshukuru kwa hilo neno 'karibu', maana lilinionyesha jinsi nilivyokuwa bado natafuta mtu wa kunizuia.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoishi kando ya mito yetu hii. Ukiona mawe kwenye mguu wa daraja, waya wake ni kuukuu, kona imekatika, na unajenga, na hakuna mtu anayetazama: yaache. Hayakusahauliwa pale. Yako kazini. Na wewe uliyesoma, ambaye watu hukutazama kabla ya kufanya jambo, siku mtu akikuuliza kama una hakika, usimwonyeshe shule uliyokwenda. Alichouliza ni daraja.

Nilipomaliza kuandika mpaka hapo nikampigia Mama Nekesa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke.

"Ni mimi," nikasema. "Mwalimu."

"Najua. Namba yako sijafuta."

Nyuma yake kulikuwa na kuku, na mtu aliyekuwa akipasua kuni. Nikamwambia nimeandika jambo kuhusu Wafula, litakalotoka gazetini. Nikamwambia kwamba aliniuliza kama mawe yanashikilia daraja, na kwamba nilijua jibu. Nikamweleza nilivyosema kwa wale watu wa barabara. Nilizungumza haraka, kama mtu anayevuka barabara.

Nikamsikia akiwafukuza kuku.

"Mama Nekesa?"

"Niko. Hiyo ya kuulizwa nilijua."

"Ulijua?"

"Siku ile ya mawe alirudi na matope mpaka kwa magoti. Nikamwambia, mnatoa mawe ya daraja na wewe unapita hapo? Akaniambia, Mwalimu amesema ni sawa, yeye alisomea. Nikanyamaza. Mimi pia nilikuamini."

"Mbona hukusema? Wakati wa mazishi, wazee walipokataa…"

"Niseme, nani angenisikiza? Mimi ama wewe? Nilingoja useme mwenyewe. Siku ile nilikuja kukuaga, si nilisimama hapo mlangoni nikingoja?"

"Ulisimama," nikasema.

"Ngoja niweke sauti," akasema. Nikasikia akiita, "Nekesa, kuja hapa. Baba, hebu kujeni pia, mkae. Haya, Mwalimu. Sema vile aliuliza, na vile ulijibu."

Nikasema. Sauti yangu ilikatika nikiwa katikati, akaniambia nianze tena mwanzo. Nikaanza tena. Nilipofika pale nilipomuuliza yeye alisomea nini, kuni ziliacha kupasuliwa.

"Na yeye akasema aje?" Ilikuwa sauti ya Nekesa. Imekuwa nene kidogo.

"Akasema alisomea kukata waya."

Nikasikia mtoto akicheka, kidogo tu, kicheko cha mtu aliyemsikia babake chumba cha pili. Mzee akasema, "Huyo ni yeye kabisa."

Kisha sauti za wengine zikaondoka, akabaki yeye peke yake na simu sikioni.

"Hapo kwa gazeti, jina lako utaweka?"

"Nilikuwa nimefikiria nisiweke," nikasema. "Na yenu niyabadilishe. La Wafula pia."

"Mbele ya wale watu wa barabara la kwake ulibadilisha?"

"Hapana."

"Niliambiwa hata herufi uliwasomea."

"Ndiyo."

"Basi lako ficha, kama unaogopa," akasema Mama Nekesa. "La kwake weka. Wasomee herufi moja moja, vile ulifanya siku ile. Wafula. Wasikosee."

Akakata simu.